Hoja ya Lango la Nyuma

Mlinzi aligeuka, akachutama mbele ya kiti cha magurudumu, akasema, "Haya, Fundi, panda."

Fundi alimkumbatia shingoni kwa nyuma. Mlinzi alijikweza, akaishika vizuri miguu ile isiyo na nguvu, akaanza kushuka ngazi za lango la mbele polepole kama mtu aliyebeba kioo. Mke wa Fundi alifuata, kiti kimekunjwa na kumlalia begani. Zilikuwa ngazi za saruji, nyembamba, zenye mteremko mkali, hazina hata chuma cha kushikilia.

Walipofika katikati, simu ya mlinzi ililia mfukoni. Akasimama, akaegemeza bega ukutani, akaitoa kwa mkono mmoja.

"Naam, mama. Hapana, siwezi sasa hivi, nimebeba mzigo. Bati lipi? La jikoni au la chumbani?"

Mazungumzo yakanoga. Fundi alining'inia upande mmoja, shavu lake karibu kabisa na ile simu, akisikiliza habari za bati lililong'olewa na upepo katika nyumba asiyoijua. Majirani wawili walikuwa wakipanda na vikapu vya sokoni. Walimsalimia mlinzi kwa kichwa, wakamsalimia mke wa Fundi kwa mdomo, wakapita. Fundi mwenyewe hawakumsalimia. Si kwa dharau. Hawakujua tu mtu aliye mgongoni mwa mwenzake anasalimiwaje.

Walipofika barabarani, mke alikunjua kiti, mumewe akawekwa, na mlinzi akapewa chochote cha chai. Alikipokea huku akisema, "Aa, msijisumbue," na kukitia mfukoni kabla hajamaliza kusema.

Jengo lile lilikuwa mali ya ushirika wa wakazi. Lango lake la mbele lilishuka barabarani kwa zile ngazi; la nyuma lilitoka uani moja kwa moja hadi uchochoroni, pakavu na pa sawa, na kibanda cha Fundi cha kutengeneza redio na simu kilikuwa hapo hapo nje. Tangu alipoanguka kutoka kwenye mlingoti wa antena na kupooza miguu, Fundi alikuwa akijisukuma mwenyewe kila asubuhi, anapita lango la nyuma, anafungua kibanda, bila kumwambia mtu asante. Kisha wezi wakapita lango hilo hilo, wakabeba cherehani ya Mshonaji, mjane aliyeishi mlango wa pili kutoka kwa Fundi. Kamati ya ushirika ikanunua mnyororo na kufuli kubwa. Tangu siku hiyo Fundi akawa anazungushwa mtaa mzima kwa barabara kuu, magari yakimpuliza vumbi, na akifika kibandani anakuta wateja wameshakwenda kwa fundi mwingine.

*

"Mkutano mkuu ni Jumapili," mke alisema jioni ile. Alikuwa akichua mikono yake kwa mafuta. Alipiga pasi kwa dobi mchana kutwa, na vidole vilikuwa vimekauka kama maganda. "Nitakwenda kwa Mwenyekiti, nimweleze."

"Umweleze nini?" Fundi aliuliza.

"Lango."

"Mimi nimelalamika?"

"Hujalalamika. Umenuna tu tangu lifungwe."

Dada yake Fundi, ambaye aliishi nao na hakuwahi kuacha neno lipite bila kulitia chumvi, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. "Wifi, mwache. Mdogo wangu amezoea usafiri. Mgongoni hakuna foleni."

Fundi hakucheka. "Sikilizeni nyote wawili. Sitaki kujadiliwa na watu kama choo kilichoziba. Watakaa pale uani, mmoja aseme masikini, mwingine aseme lakini. Halafu wapige kura kama mimi nipite au nisipite. Nibebwe tu. Atakayebebwa ni mimi, si nyinyi."

"Na ninayebeba kiti ni nani?" mke aliuliza.

Dada mtu akapepeta ungo wake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Alimpokea mke wa Fundi vizuri, akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavua miwani.

"Dada yangu, sikatai. Lakini ajenda imeshafungwa. Ilifungwa kabla hata cherehani ya watu haijaibwa. Nikiingiza lako leo, kesho mwingine ataniletea la paka, na mkutano hautakwisha."

"Basi lini?"

"Mkutano ujao. Baada ya miezi sita."

Mke wa Fundi aliitazama sakafu. "Miezi sita mgongoni mwa mtu, mzee."

Mwenyekiti alivaa miwani tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amefanya kazi miaka mingi mahali ambapo watu wenye haki walishindwa kwa kukosea mlango, na wasio na haki walishinda kwa kujua mlango, naye akajifunza kuuheshimu mlango. "Ipo njia," alisema. "Mkutano ukianza nitaomba ajenda ithibitishwe. Hapo, na hapo tu, mwanachama anaweza kusimama akaomba jambo lisilokuwamo liingizwe. Mwingine amuunge mkono, na theluthi mbili ya waliohudhuria wakubali. Tukishathibitisha, mlango umefungwa."

"Nitasimama."

"Mwanachama ni nani nyumbani kwenu?"

Alijua jibu kabla ya kuulizwa. Mwanachama ni yule aliyeandikwa, na aliyeandikwa ni mumewe.

*

Jumapili alasiri viti vilitolewa uani. Kila nyumba ilikuja na vyake, kwa hiyo wengine walikaa juu ya vigoda na wengine kwenye makochi, na cheo cha mtu hakikufuata urefu wa kiti chake. Meza ya Mwenyekiti iliwekwa mbele, karibu na lango la nyuma, mnyororo ukionekana juu ya kichwa chake. Mke wa Fundi alikaa safu ya nyuma pamoja na wifi yake. Fundi alibaki ndani. Dirisha lao lilifunguka uani hapo hapo, na pazia lake lilikuwa limevutwa, lakini halikutulia.

Mwenyekiti alihesabu watu, akasema akidi imetimia. Akasoma ajenda: kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, ada ya maji, rangi ya kuta, mengineyo. "Naomba ithibitishwe."

Mke wa Fundi akasimama.

Alikuwa amejiandaa wiki nzima, lakini maneno yalimpotea yote, likabaki moja. "Lango," alisema.

Watu wakageuka.

"Naomba lango la nyuma lizungumzwe, Mwenyekiti. Limefungwa, na mume wangu hawezi kupita mbele ila kwa kubebwa."

"Nimekusikia, dada yangu," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Na pole. Lakini hoja huletwa na mwanachama. Je, mwanachama yupo?"

Kila mtu alijua mwanachama yupo wapi. Macho ya mkutano mzima yalikwenda kwenye pazia. Pazia likaacha kutikisika.

Mke hakumwita mumewe. Alibaki amesimama, mikono imeshikana mbele, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mtu alikohoa. Jirani wa ghorofa ya juu kabisa, aliyekuwa na haraka kila siku, akatazama saa yake akasema, "Tuendelee, Mwenyekiti. Mwanachama hayupo."

Hapo dada mtu akapasua sauti. "Mdogo wangu! Hivi utamwacha mke wa watu asimame juani kama mti wa umeme?"

Kicheko kilizagaa. Pazia likafunguka, kichwa cha Fundi kikatokea dirishani. Alikuwa amevaa shati la kwendea mjini, safi, lililopigwa pasi, na aliyeliona shati lile alielewa kwamba alikuwa amelivaa mapema, akakaa nalo gizani bila kujua atalifanyia nini.

"Naleta hoja hiyo mimi," alisema.

Mwenyekiti alifikiri. "Fundi, samahani. Kanuni inasema mwanachama aliyehudhuria. Dirishani si mkutanoni."

"Jamani!" akasema mtu.

"Siyo jamani. Leo dirishani, kesho kwa simu."

Kichwa kikatoweka. Wakasikia kiti kikigonga ukingo wa meza, kikirudi nyuma, kikigonga tena. Mke alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, akajizuia. Mlango ukafunguka wenyewe, na Fundi akatoka mpaka uani, jasho limemtoka kwenye paji la uso, akasimamisha kiti pembeni mwa mkewe bila kumtazama.

"Nimehudhuria. Naomba lango la nyuma liingizwe kwenye ajenda."

"Nani anaunga mkono?"

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alimpenda Fundi. Kila nyumba ilikuwa na redio aliyoipa uhai, na wengi walikuwa wametengenezewa bure. Lakini kila nyumba pia ilikuwa imekosa usingizi tangu cherehani iibwe, na kila mmoja alimngoja mwenzake awe wa kwanza. Wanaume wakawa wanachunguza viatu vyao. Mke wa Fundi alizitazama nyuso moja moja, na hicho ndicho kitu ambacho baadaye alisema hakitamtoka moyoni: si kwamba walikataa, bali walivyokuwa wakijifanya hawakusikia.

"Nauliza mara ya mwisho," Mwenyekiti alisema.

"Mimi."

Alikuwa Mshonaji. Alikaa mbele, mkoba umekumbatiwa mapajani. Hakusimama.

"Unaunga mkono lango lifunguliwe?" Jirani wa juu aliuliza, macho yamemtoka.

"Naunga mkono lisikizwe," alijibu. "Mtu ametoka ndani kwa taabu kuja kusema neno. Asikizwe. Kura yangu nitaipeleka ninakotaka."

Mikono ikanyanyuliwa, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa mkupuo, kama watu waliopata ruhusa ya kupumua. Theluthi mbili ilipita. Mwenyekiti akaandika. "Hoja imeingizwa. Itakuwa chini ya mengineyo."

*

Mengineyo ni mwisho wa ajenda, na kabla ya mwisho kulikuwa na rangi.

Ada ya maji ilikwisha haraka kwa sababu hakuna aliyependa kuigusa. Lakini kuta zipakwe rangi ya maziwa au ya kijivu, hilo kila mtu alikuwa na elimu nalo. Mmoja alisema maziwa inashika uchafu. Mwingine akasema kijivu ni rangi ya jela, akaulizwa amejuaje. Jua likashuka nyuma ya jengo, vivuli vikajaa uani. Mama mmoja akaondoka kutazama chungu chake, hakurudi. Baba mmoja akabeba kochi lake kabisa. Kila mtu alipoinuka, mke wa Fundi alihisi kama aliyevutwa uzi wa shati.

Rangi ya maziwa ikashinda. Mwenyekiti akasema, "Mengineyo. Lango la nyuma."

Jirani wa juu akanyoosha mkono. "Hoja ya utaratibu. Akidi bado ipo?"

Fundi alifumba macho. Mwenyekiti akasimama, akahesabu kwa kalamu, akarudia kuhesabu. "Ipo," alisema. "Lakini akitoka mmoja tu, haipo."

Wakati huo Mshonaji alikuwa amesimama, kigoda chake kwapani, mkoba begani. Alikuwa na nguo ya mteja ya kumalizia kwa mkono, maana mashine hakuwa nayo. Kutoka kwake kungemaliza kila kitu, na asingekuwa amesema hata neno moja baya. Alimtazama Jirani wa juu, akamtazama Fundi. Akarudisha kigoda chini, akakalia.

"Sema, Fundi," alisema Mwenyekiti.

"Mimi sikutaka jambo hili lisemwe," Fundi alianza. "Mke wangu atawaambia. Nilisema nibebwe tu, yatapita. Lakini majuzi nimebebwa, mbebaji akapigiwa simu, akapokea. Nikakaa mgongoni mpaka nikajua bati la kwao limeng'oka."

Watu wakacheka, na mlinzi, aliyesimama kando, akacheka kwa aibu akiwa ameziba mdomo. Fundi naye alicheka kidogo. Kisha akaacha, nao wakaacha.

"Simlaumu. Kanibeba, hakulazimika. Ila alimwambia mama yake amebeba mzigo. Na kweli ulikuwa mzigo. Mimi naomba lango libaki na kufuli lake, usiku na mchana. Nipewe ufunguo mmoja. Nipite, nifunge. Basi."

Mshonaji alisimama safari hii. "Fundi, sina ugomvi na wewe. Redio yangu inaimba kwa mikono yako. Lakini wale watu waliingia nikiwa nimelala. Waliivuta cherehani karibu na kichwa changu, nikasikia, nikafumba macho nikajifanya nimekufa. Sasa nalala na mkasi chini ya mto. Upepo ukitikisa bati, nakaa mpaka asubuhi. Lile kufuli ndilo linanipa kausingizi kadogo. Wewe ukipewa ufunguo, mtu akikukaba pale uchochoroni akunyang'anye, utamkimbiza?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Alijishika mdomo. Mke wa Fundi aliinuka nusu, wifi yake akamvuta gauni, akakaa.

"Sitamkimbiza," Fundi alisema. "Nitapiga kelele. Sauti ninayo."

"Anayo!" dada mtu alithibitisha. "Mimi nimeishi naye."

Hakuna aliyecheka sana. Mshonaji alibaki amesimama, kama aliyekuwa na neno jingine, kisha akasema tu, "Ni hayo," akakaa.

Wakapiga kura. Hoja ilipita, si kwa wingi wa kujivunia. Mshonaji aliipinga, na mkono wake aliunyoosha juu kabisa, akauacha hapo mpaka Mwenyekiti alipomwambia ameshahesabiwa.

*

Ndani, hakuna aliyewasha redio. Dada mtu alipakua chakula, akaona wenzake hawasemi, akachukua sahani yake akaenda kula jikoni.

"Ulisimama bila ruhusa yangu," Fundi alisema.

"Nilisimama."

"Ungeniachia aibu yangu."

"Ilikuwepo aibu, hata nisingesimama." Mke alimega tonge, akalirudisha. "Nilipokuwa nimesimama pale wote wananitazama, nilikuombea usitoke. Nilisema moyoni, bora tushindwe kuliko nikuone unagongagonga meza ili watu wakukubalie upite nyumbani kwako mwenyewe."

Fundi aliusogeza mkono wa mkewe ule uliokauka, akauweka juu ya meza, akaufunika kwa wake. Wakala hivyo, kila mmoja kwa mkono mmoja.

*

Asubuhi Mwenyekiti alileta ufunguo mwenyewe, akampa Fundi mkononi, akaenda zake bila hotuba. Fundi alimwambia mkewe awahi kazini. Akajisukuma peke yake uani.

Kufuli lilikuwa limefungwa juu, kwa watu wenye miguu. Alijivuta kwa mkono mmoja kwenye chuma cha lango, akalifikia kwa mwingine, akakosea tundu, akarudia. Mnyororo ukaanguka kwa kishindo. Akapita. Akageuza kiti kwenye uchochoro, akapitisha mnyororo tena kwenye tundu la lango, akafunga.

Alipoinua macho, Mshonaji alikuwa upande wa ndani. Alikuwa amejifunga mtandio juu ya gauni la kulalia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeamkaje, shemeji?" Fundi alisema.

"Salama. Umefunga?"

"Nimefunga."

Mshonaji alishika vyuma vya lango kwa mikono miwili, akalitikisa. Lilitoa sauti kubwa, likakaa. Fundi angeweza kuondoka. Kulikuwa na mteja tayari kibandani, redio kwapani, akipunga mkono. Hakuondoka. Alibaki pale pale, mikono juu ya magurudumu, akimngoja mwanamke atikise mpaka aridhike.

"Limeshika?" aliuliza.

"Limeshika," Mshonaji alisema, akalitikisa tena.